Atakayemlaza Mama Mezani

Stoo ya Hospitali ya Misheni,
Njombe.
3 Juni 2024

Kaka Abel,

Kamwene. Utashangaa kuona barua badala ya simu, tena imeletwa na Kasimiri wa basi. Kwenye simu tumeshindwana. Nikikupigia nikiwa wodini mama anasikia kila neno, nikitoka nje mtandao unakimbia, na wewe ukipokea unapiga kelele kama mtu anayeelekeza lori lirudi nyuma. Nina jambo linalotaka mtu atulie asome.

Nilikwambia mama ameteguka. Hakuteguka. Ijumaa aliamka mapema kwenda kuangalia kama barafu imepiga viazi, akateleza kwenye majani yaliyoganda, na nyonga ya kulia imevunjika. Picha nimeiona mwenyewe.

Mfupa huu unaungwa kwa chuma. Bingwa wa mifupa atafika hapa tarehe 17, ataondoka tarehe 22, na baada ya hapo hatumwoni mpaka Septemba. Mashine ya picha tunayo, na vyuma anakuja navyo mwenyewe. Tunachokosa ni vifaa vya kumlaza mgonjwa na kumvuta mguu: mikono miwili ya chuma inayofungwa kwenye meza ya upasuaji, yenye viatu vya kubania nyayo, pamoja na nguzo ya sponji inayokaa katikati ya mapaja ili mwili usifuate mguu unapovutwa. Vyetu vilipasuka kibano mwaka jana. Mimi ndiye mtunza stoo, nimeagiza mpaka nimechoka, na jibu ni moja: subirini. Bingwa amesema wazi kwamba bila vifaa hivyo hagusi nyonga ya mtu wa umri wa mama. Na mama akilala chali mpaka Septemba, kaka, Septemba hataiona. Hilo ndilo nisiloweza kulisema kwenye simu akiwa pembeni.

Wewe uko Makambako, malori yote yanapita mlangoni kwako. Umewahi kuwatafutia watu jenereta, mashine ya kuranda mbao, hata kengele ya kigango. Nitafutie hivi.

Kwa sasa wamemfunga plasta mguuni, kamba inapita kwenye kapi, na mfuko wa mchanga unaning'inia mwisho wa kitanda. Anauita mbuzi wake, anasema amemfunga vizuri hatoroki. Nimemtuliza. Nimemwambia asiogope kitu, kwa kuwa mume wangu Frederick mwenyewe ndiye atakayemlaza mezani, hospitali nzima ndiye pekee aliyesomea kazi hiyo. Kwa hiyo atakuwa mikononi mwa mtoto wake. Alinyamaza, nadhani amefarijika.

Mdogo wako,
Jenifer


Makambako,
5 Juni 2024

Jeni,

Barua! Kasimiri alipoishusha nilidhani nimeitwa kwenye kikao cha ukoo kujibu mashtaka. Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena, na tangu jana sijaweza kukaa sawasawa. Ungeniambia tangu Ijumaa kwamba ni nyonga, sasa hivi ningekuwa nimekwenda Dar na kurudi. Lakini wewe na mama ni walewale, mnafunika moto kwa kanga halafu mnauliza harufu inatoka wapi.

Haya, sikiliza. Nimewasumbua madereva wote wanaolala hapa. Mmoja amenipeleka kwa mzee wa Dar anayeuza vifaa vya hospitali vilivyotumika Ulaya, ghala zima la vitanda na mataa. Vifaa vyako anavyo. Amenitumia picha, na kwa macho yangu ya muuza mbao ni plau ya ng'ombe iliyovalishwa viatu. Ila ameniuliza swali lililonishinda: reli ya pembeni ya meza yenu ina upana na unene gani? Anasema za Ulaya, za Uingereza na za Marekani hazilingani, na kibano cha moja hakishiki nyingine. Bila kipimo hauzi, maana amechoka kurudishiwa mizigo.

Mwulize Mkinga wako Frederick. Sijawahi kuona Mkinga aliyekataa duka akaenda kushika miguu ya wagonjwa, lakini kwa hili naanza kuona Mungu alikuwa na maana yake. Apime kwa kipimo, asipime kwa vidole.

Jumapili nakuja kumwona mama. Mwambie namletea dagaa wa Nyasa, wale wa Ludewa anaowapenda, na nitamwombea mbuzi wake apunguzwe uzito.

Kaka yako,
Abel


Njombe,
7 Juni 2024

Kaka Abel,

Frederick amepima mara mbili. Reli ni milimita ishirini na tano kwa kumi, ya Ulaya. Anakuomba uangalie mambo matatu kabla mzigo haujapakiwa. Nguzo iwe nene na sponji yake isiwe imechanika, kwa sababu nyembamba inaumiza nyama na mishipa. Viatu viwe na mikanda inayokaza mpaka mguu mdogo, unajua mguu wa mama ulivyo. Na sehemu ya kukalia nyonga isiwe ya chuma, la sivyo mashine ya picha haitaona kitu. Kimoja kikikosekana, vingine vyote ni vyuma chakavu tu.

Nakuharakisha kwa sababu mama simwelewi. Mbuzi wake hamtaji tena. Amegeukia ukutani, chakula anakionja tu nikimsimamia. Jana ameniuliza kama huyo bingwa huwa hakosi safari. Nikamwambia hakosi, asiwe na wasiwasi. Akaniuliza kama hakuna mwingine wa kuvuta mguu. Nikamwambia Frederick anatosha, hata Mbeya wanamsifu. Frederick naye anamjulia hali kupitia kwangu akiwa koridoni, heshima yao unaijua. Na si mama peke yake asiyelala usiku, mume wangu naye simsikii akikoroma.

Jumapili njoo umchangamshe. Wewe anakusikiliza.

Jenifer


Makambako,
13 Juni 2024

Jenifer,

Nilifika nyumbani salama Jumapili ile. Kuhusu mzigo, lori limepata hitilafu njiani, nasikia ni mlima Kitonga. Wanasubiri kipuri. Sijui watatoka lini. Nitakujulisha.

Msalimie mama, na umwache apumzike.

Abel


Njombe,
15 Juni 2024

Kaka Abel,

Lori gani limekaa Kitonga siku zote hizo? Nipe jina la dereva, nipe namba yake, nitampigia mwenyewe. Huko kuna malori mia yanapita, hamisha mzigo uweke kwenye jingine, wewe si ndiye uliyenifundisha hivyo?

Samahani. Nimechoka. Nimepiga simu kila hospitali ninayoijua nikiomba kuazima. Mmoja amesema vyao vina mgonjwa juu yake kila siku, mwingine hakujua ninazungumzia nini, nikaanza kumweleza na kulia humohumo kwenye maelezo. Frederick alitaka kuchonga nguzo ya mti, fundi akamletea moja ya msindano nzuri ajabu, iliyopigwa msasa. Bingwa alipoambiwa kwenye simu alisema hamlazi mama wa mtu kwenye fanicha.

Mama ameanza kidonda kiunoni. Ni kidogo, lakini nimewaona wengine wanavyoanza. Bingwa anafika keshokutwa. Kaka, usiniandikie mistari mitatu. Nieleze.

Jenifer


Makambako,
16 Juni 2024

Jeni,

Sina la kueleza. Labda si mpango wa Mungu. Nimewaza kama tungemrudisha mama nyumbani, akae kwenye jua lake, ale anachopenda. Si kila kilichovunjika lazima kiungwe.

Usinikasirikie.

Abel


Njombe,
18 Juni 2024

Abel,

Asubuhi Kasimiri ameniletea barua yako, na kwa kuwa hajui kunyamaza, ameniuliza kwa nini hatujachukua makasha yetu. Makasha gani? Yale mawili, anasema, yaliyoshushwa kwako kabla ya tarehe kumi na tatu, yeye mwenyewe alisaidia kuyabeba. Yako kwenye kona ya duka, na wateja wako wanayakalia wakinywa chai.

Wateja wako wanakalia mguu wa mama yangu, Abel.

Bingwa amefika jana. Amefungua orodha ya wagonjwa, amefika kwa mama akauliza vifaa viko wapi, nami nikasimama mbele yake nikamsimulia habari za Kitonga. Nimesema uongo wako kwa kinywa changu mbele ya daktari na mbele ya mume wangu. Sikujua kama mtu anaweza kumchukia mtu aliyenyonya ziwa moja naye. Sasa najua.

Sitaki uje kuniomba radhi. Nataka sababu, na nataka makasha.

Jenifer


Makambako,
18 Juni 2024

Jenifer,

Ni kweli yapo. Nimewafukuza watu waliokuwa wamekaa juu yake, wananishangaa.

Jumapili ile ulitoka kwenda kuchukua maji ya moto. Mama akanishika mkono wa koti, akaniambia, "Abel, vifaa hivyo visifike. Huyo bingwa aondoke kwanza. Na Jenifer asijue." Nikamuuliza sababu. Akasema yeye ndiye aliyenizaa, haniombi ruhusa. Jeni, mama yetu amewahi kuniomba nini maishani? Hata chumvi haombi. Nilidhani anaogopa kisu, au amechoka, na nikaona mtu mzima ana haki ya kuchagua. Nikamkubalia. Mzigo ulipofika nikaufunika turubai, na turubai nikaliondoa kwa sababu nilikuwa nalitazama kutwa nzima.

Tangu siku hiyo sijatulia. Juzi nimepakia makasha kwenye pikapu, nikafika nusu ya njia, nikageuza. Nikirudi kwako nimemsaliti mama, nikibaki nakuua wewe. Nimewafokea vijana wa dukani bila kosa, nimemkosesha mteja mbao za kenchi. Nimekuwa mtu wa kuzungukazunguka duka.

Kama bado unataka nilete, nitaleta. Lakini muulize mama kwanza, na umuulize bila hasira, maana anaficha kitu ambacho mimi mwanaye wa kiume hawezi kuniambia.

Abel


Njombe,
19 Juni 2024

Kaka Abel,

Nimemuuliza. Nilifunga pazia, nikakaa upande wa ukuta ili anitazame. Akasema, "Mume wako tangu akuoe hajawahi kuniona hata nikitafuna. Leo anione nini?"

Ndiyo hivyo, kaka. Si kisu. Wala si kifo, hicho anasema amekizoea. Jirani yake wa kitanda, Feliciana, alifanyiwa upasuaji kama huu zamani, naye alimsimulia yote: nguo zinatolewa, miguu inapanuliwa, nguzo inawekwa katikati, na aliyesomea kazi ndiye anayefunga na kukaza. Na nani aliyemwambia kwamba huyo aliyesomea ni mkwe wake? Mimi. Nilimpelekea kama habari njema, kwa majigambo. Alichokifanya ni kunyamaza ili asimwaibishe Frederick, na asiniharibie mimi fahari yangu. Alikuwa tayari kufa na aibu hiyo bila kuitaja.

Tumekulia nyumba moja, Abel. Baba akisikia sauti ya bibi mzaa mama, alikuwa anaacha ugali unapoa anatoka kwa mlango wa nyuma. Tuliona, tukacheka. Halafu tukasoma, tukafungua maduka na stoo, tukadhani mambo yale yamebaki kwa baba. Nimekutukana wewe, na kosa la kwanza ni langu.

Nilipomwambia Frederick alikaa chini kwenye ngazi. Anasema alijua tangu siku ya kwanza. Usiku alikuwa anaomba mama apewe usingizi kamili ili asijue chochote, lakini daktari wa usingizi amekataa kwa sababu ya kifua, atachomwa ganzi ya mgongo na atakuwa macho. Akaona aibu kuniambia, yeye mtu wa hospitali anayewacheka wengine kwa mambo ya mila. Tumelala kitanda kimoja wiki mbili na kila mmoja ana lake moyoni.

Sasa Frederick atamfundisha muuguzi Rebeka kulaza na kuvuta. Bingwa amekubali kumweka mama siku ya mwisho kabisa, Ijumaa. Mama naye amekubali. Lete makasha leo, usigeuze gari.

Jenifer


Njombe,
22 Juni 2024

Kaka Abel,

Ulishusha makasha ukaondoka bila hata kunywa chai, ukasema huwezi kumtazama mama usoni. Hata Ijumaa hukuja. Sikulaumu, ila lazima usome yaliyotokea.

Alhamisi tulifanya mazoezi. Rebeka alihitaji mwili wa kujifunzia, mwenye kimo cha mama, na huyo ni mimi. Nikavaa suruali ya Frederick, nikapanda juu ya meza. Mume wangu akasimama mbali akielekeza kwa maneno, Rebeka akifunga. Kiatu kikabana, mguu mmoja ukaenda huku, wa pili kule, nguzo ikanikaa pale inapokaa. Nilikuwa nimevaa nguo, nipo na mume wangu na rafiki yangu, mlango umefungwa, na bado nilitamani kufunika uso. Nikamwelewa mama kwa mwili wangu.

Ijumaa alipelekwa. Frederick alibaki nje pamoja nami, amenawa mikono na kuvaa kila kitu, kwa tahadhari tu. Rebeka alimlaza vizuri, kila mtu anakiri. Lakini mguu ulipovutwa mfupa haukurudi. Bingwa anasema ungefanywa siku aliyofika ungerudi kwa urahisi, lakini katika siku zilizopotea nyama ilianza kukaza. Nakuambia hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nusu ya siku hizo ni zangu. Kuvuta kulihitaji kwenda sambamba na kuzungusha, na hilo halifundishwi kwa siku moja. Tukamsikia bingwa akisema, "Niitieni Frederick."

Frederick hakuinuka. Alikuwa ameshika magoti yake. Kaka, nilikuwa katikati ya mama yangu na mume wangu.

Mlango ukafunguka, Rebeka akatoa kichwa. Alisema mama amesikia jina likiitwa, naye amesema hivi: "Nifunikeni uso mimi. Yeye mwachieni macho yake, afanye kazi."

Walimfunika kwa kitambaa cha kijani cha chumba cha upasuaji. Frederick akaingia. Rebeka ananiambia hakusema neno, bingwa akiuliza alijibu kwa kichwa. Muda mfupi baadaye nikasikia bingwa akisema basi, hapohapo, shikilia, na sauti za kazi zikaendelea. Mfupa umekaa. Chuma kimeingia. Mama ameamkia wodini leo akidai uji.

Nilidhani sasa nitapumua. Lakini Frederick alipotoka alinipita, akaenda nyuma ya jengo la kufulia, akakaa huko mpaka giza. Tangu hapo anazungukia jikoni ili asipite hata mbele ya dirisha la wodi. Asubuhi nimemkuta anaandika barua ya kuomba uhamisho kwenda Makete. Anasema hawezi kuishi mji mmoja na mzazi ambaye yeye amemvunjia heshima. Nimemwambia amemponya. Akasema kuponya ni kazi yake ya mshahara, lile jingine ndilo lililobaki.

Njoo, Abel. Mama nimempata, na sasa naona mume anaondoka. Mama hajasema lolote juu ya siku ile, nami naogopa kumuuliza.

Mdogo wako,
Jenifer


Nyumbani kwa Jenifer,
Njombe.
14 Julai 2024

Baba Lidia,

Tangu umuoe binti yangu sijakutamkia neno ana kwa ana, wala leo sivunji. Karatasi si mdomo. Hii nimeiandika mwenyewe kwa mwandiko wa misheni, kwa hiyo vumilia makosa. Nampa Abel akuletee huko kazini, na yeye nimemwambia akome kunikimbia, nilishamsamehe kabla hajageuza lile gari.

Wameniruhusu kutoka wodini, na nimekuja kukaa kwenu mpaka mguu upate nguvu. Wewe umehamia kulala kwa wenzako kazini, unasingizia zamu. Jenifer anasema ni zamu, halafu anaingia jikoni kulia. Nasikia pia habari za Makete. Mtoto wangu anadhani sisikii, kumbe anaongea na simu kama kaka yake.

Nataka nikueleze siku ile, kwa sababu wewe ulikuwa huko na mimi nilikuwa huko, na hakuna mwingine wa kutusemea.

Nilikuwa nimefunikwa. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, sijui nani alishika nini, na sitaki kujua. Nilisikia mtu ameingia. Hakusalimia. Halafu nikasikia anafanya kazi huku analia, pumzi inamkatika, na anajizuia ili isitoke sauti. Nikasema moyoni, huyu ananiheshimu. Mtu asiyeniheshimu asingelia. Basi nikatulia, na nadhani mfupa nao ulitulia hapo.

Watu wanaokuja kunitazama wananiuliza nani aliuvuta mguu ukakaa vizuri hivi. Nawajibu sikuona mtu. Si uongo, na ndivyo nitakavyojibu mpaka nazikwa. Kwa hiyo hakuna kilichovunjika kwetu isipokuwa nyonga, nayo imeungwa.

Usiende Makete. Rudi ulale nyumbani kwako, mimi nakaa chumba cha mjukuu wangu Lidia na mlango naufunga.

Jumapili ijayo nitatoka kanisani kwa miguu yangu, na magongo. Nitapita ile njia ya juu ya misindano. Ukinikuta, fanya kama mkwe afanyavyo: toka njiani, simama kando, geuza uso, nami nitapita. Ila sitapita upesi kama zamani. Nitachukua muda. Nivumilie, mwanangu, usiondoke kabla sijapita.

Ni mimi,
Telesia, mama yake Jenifer